Nimepewa kazi ya kufundisha fidla Kisumu: je, nitabaki kuwa mpigaji?

Uta_Kisumu aliuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni mkazi wa Kisumu, nina umri wa miaka 24, na ala yangu ni fidla. Nilifaulu mtihani wa gredi ya 8 wa ABRSM, bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki, mwaka jana, na kwa sasa napata riziki kwa kupiga katika harusi, ibada za shukrani na hafla za hoteli. Kati ya Agosti na Desemba kazi huwa nyingi, lakini ikifika Januari simu hunyamaza hadi Pasaka. Shule moja ya kibinafsi imenipa mkataba wa kufundisha siku nne kwa wiki, kwa malipo ya kila muhula. Rafiki zangu walioko Nairobi wananisihi nisiukubali, kwa kuwa eti mpigaji akishaingia darasani vidole hufa. Wanataka nihamie huko nikatafute nafasi katika okestra. Mama naye anauliza kwa nini nisirudi chuoni nikasomee ualimu ili niajiriwe na TSC, tume ya serikali ya kuajiri walimu. Ningependa kuwasikia walioishi maisha haya: je, mtu anaweza kufundisha na bado akabaki msanii wa jukwaani, au hulazimika kuchagua? Na mkataba wa namna hii nizungumzie nini kabla sijatia sahihi?

Mwalimu_Mstaafu_Kakamega alijibu:

Mwanangu, nimefundisha muziki katika shule za upili za eneo hili hadi nikastaafu, kwa hiyo nitasema ninayoyajua. Hao rafiki zako wanazungumza kana kwamba kuna kiti Nairobi kinachokungoja pamoja na mshahara. Okestra ya Nairobi ni kundi la kuheshimiwa na lenye historia ndefu, lakini wengi wa wanaoketi humo wana kazi nyingine, na walimu wa muziki ni miongoni mwao. Ukitaka mshahara wa mwisho wa mwezi kwa kupiga ala tu humu nchini, utaupata hasa katika bendi za Jeshi, Polisi na Magereza, na huko wanaotafutwa zaidi ni wapiga tarumbeta, klarineti na ngoma. Kijana aliyelelewa katika bendi ya Jeshi la Wokovu, ambalo makao yake makuu ya Kenya Magharibi yapo hapa Kakamega, ana pa kubisha hodi. Mpiga fidla hana mlango kama huo, na kuhamia Nairobi hakutauchonga.

Kuhusu mama yako, hajakosea, ila shahada zenyewe hazifanani. TSC humsajili mwalimu wa sekondari mwenye masomo mawili ya kufundishia, na humtaka awe alipata angalau C+ ya jumla katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, na vilevile C+ katika kila mojawapo ya masomo hayo mawili. Shahada ya Elimu yenye Muziki na somo jingine, tuseme Kiswahili au Historia, itakufikisha huko bila mzunguko. Shahada ya Muziki peke yake, hata uwe mpigaji hodari kiasi gani, inaweza kukuacha ukihangaika kutafuta somo la pili na stashahada ya ualimu juu yake. Vyuo vikuu vipo: Maseno ipo karibu nawe, Kabarak ipo Nakuru, na Kenyatta ipo Nairobi. Uliza ni shahada ipi hasa kabla hujalipa karo. Isitoshe, wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walioingia Januari 2026 walichagua kati ya mikondo mitatu, mmojawapo ukiwa Sanaa na Sayansi ya Michezo, na mtaala huo unamdai mwalimu anayejua ala kwa vitendo.

Hayo ya vidole kufa siyakubali. Kamati iliyotayarisha wimbo wetu wa taifa mwaka 1963 ilikuwa na Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Senoga-Zake na Omondi walifundisha Chuo Kikuu cha Kenyatta, na sijamsikia mtu akisema kwamba walikimbilia darasani kwa kushindwa na muziki.

Kinanda_Nakuru alijibu:

Shikamoo Mwalimu. Kaka Uta, mimi ni mpiga piano, nafundisha Nakuru asubuhi na kusindikiza waimbaji jioni na wikendi, na swali lako ninaloweza kulijibu vizuri ni lile la mkataba.

Malipo ya muhula huvutia kwa sababu huja kwa mkupuo, kwa hiyo yagawe kwa mwaka mzima kwanza. Tuseme wanakulipa shilingi 1,000 kwa kipindi, nawe una vipindi 12 kwa wiki. Hizo ni shilingi 12,000 kwa wiki, na kwa wiki 36 za masomo zinakuwa 432,000. Ukizigawa kwa miezi 12, zinabaki 36,000 kwa mwezi kabla ya nauli, kodi na nyuzi. Aprili na Agosti vipindi ni vichache mno, na Novemba na Desemba hakuna, ingawa wewe miezi hiyo ya mwisho ndiyo ya harusi zako. Basi usishindane nao juu ya kiwango cha kipindi pekee; omba pia malipo madogo ya kila mwezi yasiyokatika likizo, hata yakiwa nusu ya kawaida.

Pili, omba walipie muda wa kuweka sawa sauti za ala. Watu wa ofisi hawalielewi jambo hili mpaka walione. Kipindi ni dakika 40. Watoto wanaingia na fidla 10, na kwa kuwa ni Februari na hewa ni kavu, vigingi vya kukazia nyuzi vimelegea usiku kucha na nyuzi zimeshuka zote. Unazikaza moja moja huku mtoto wa nyuma akigonga ya kwake kwa uta, ya saba inakatika uzi wa E, na unapoinua kichwa dakika 15 zimekwenda. Mvua za Aprili zikija, mbao hufura na vigingi vilevile hukataa kuzunguka. Huko kwenu kando ya ziwa sidhani hali ni nafuu. Mkataba useme nani ananunua nyuzi, na kwamba unafika nusu saa kabla ya kipindi kwa malipo.

Tatu, na hapa usilegeze: iandikwe kwamba unaruhusiwa kukosekana kwa ajili ya tamasha ukitoa taarifa mapema na kufidia kipindi. Ruhusa ya mdomo humalizika siku mwalimu mkuu anapobadilishwa.

Kuna kazi moja zaidi ambayo watu huisahau. Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo limekuwapo tangu 1927, huanzia ngazi za chini na kupanda hadi taifa, na shule huhitaji wasindikizaji na wakufunzi wa nyimbo zilizoteuliwa. Muhula wa pili huwa sipumui: wimbo uleule, shule moja baada ya nyingine, kila mwalimu wa kwaya na mwendo wake. Hauchoshi vidole, huchosha subira. Lakini ndiko walikonijua wengi wanaoniita jukwaani leo.

Chelo_Eldoret alijibu:

Naomba kupingana kidogo na waliotangulia, kwa heshima zote. Rafiki zake Uta wametia chumvi, lakini hawakuota. Kufundisha hakuui vidole. Kinachoviua ni kupiga muziki wa wanaoanza peke yake, saa tano kwa siku, kisha kurudi nyumbani umechoka kiasi kwamba kisanduku cha ala hakifunguliwi. Sikio nalo huzoea. Ukikaa mwaka mzima ukisikia sauti iliyopotoka kidogo na kuinyamazia kwa sababu mtoto ana miaka saba, siku moja utainyamazia katika fidla yako mwenyewe. Nimewaona wapigaji wazuri wakifika hapo.

Historia imejaa watu waliofanya yote mawili, lakini tazama walivyojilinda. Mtunzi Mjerumani Bach alipoajiriwa Leipzig mwaka 1723 alitakiwa afundishe Kilatini pia, naye akamlipa mtu mwingine amfundishie ili abaki na muziki. Chopin, mpiga piano na mtunzi, aliishi Paris kwa ada za wanafunzi na alipiga matamasha ya hadhara takribani 30 tu maisha yake yote, ila wanafunzi wake hawakuwa wa kujifunza kushika uta. Mpiga piano Clara Schumann alianza kufundisha katika chuo cha Hoch, Frankfurt, mwaka 1878, huku akiendelea kupanda jukwaani hadi 1891, na ualimu wake ulipangwa kuzizunguka safari zake. Mpangilio ndio uliowaokoa.

Kwako, bwana mdogo, napendekeza siku nne ziwe tatu. Fanya mazoezi yako asubuhi kabla ya kwenda shuleni, kwa sababu ya jioni hayatafanyika. Kisha jiwekee tarehe isiyosogea: jiandikishe kwa stashahada ya ARSM, inayotolewa na ABRSM baada ya gredi ya 8, ambayo ni programu ya takribani dakika 30 bila skeli (ngazi za sauti) wala kusoma noti papo kwa papo, na uipige mbele ya watu katika ukumbi wa kanisa hapo Kisumu kabla ya mtihani. Toza kiingilio, hata kiwe kidogo. Watu wa huku wakizoea kwamba muziki wa fidla ni wa bure kanisani na wa kulipiwa hotelini tu, tumekwisha.

Uta_Kisumu alijibu:

Nawashukuru sana, Mwalimu, dada na kaka. Nimezungumza na shule. Siku tatu wamekubali, na kifungu cha ruhusa ya matamasha watakiandika, mradi nisikosekane wiki ya mitihani. Malipo ya likizo wamekataa katakata. Nyuzi watanunua wao. Nadhani nitatia sahihi kwa mwaka mmoja, na masuala ya shahada nitayaulizia Maseno bila haraka. Limebaki moja: kwa programu ya ARSM nahitaji msindikizaji wa piano, na Kisumu ninaowajua wanapiga kwa masikio, hawasomi noti.

Kinanda_Nakuru alijibu:

Nitakuja mimi, ukilipa nauli na ada ya mazoezi mawili. Chagua ukumbi wenye piano iliyowekwa sawa sauti zake karibuni, au tutumie ya umeme yenye vibonye 88 vizito, kwa maana piano nyingi za makanisani zimeshuka chini ya sauti ya kawaida na utalazimika kulegeza fidla yako nzima kuifuata. Nitumie noti miezi miwili kabla, na kama kuna sonata ya Brahms ndani yake, iwe mitatu.