Wisconsin: wabunge wanajichagulia wapiga kura, na sensa ya 2030 ikiisha kalamu inarudi mikononi mwao

Wakuu,

Uzi huu ni wa hasira na sitaificha. Kila uchaguzi wa Marekani ukikaribia, watu wetu walioko huko wanakesha wakibishana kuhusu rais. Bunge la jimbo, linaloamua bima ya afya ya maskini, fedha za shule, nani apewe leseni ya udereva na hata utaratibu wenyewe wa kupiga kura, hakuna anayeligusa. Humo ndimo tunamoporwa. Nachukua jimbo la Wisconsin kwa sababu uporaji wake umeanikwa mahakamani, tena kwa nyaraka za wachoraji wenyewe wa mipaka ya wilaya za uchaguzi.

Bunge la Wisconsin lina nyumba mbili. Baraza la Wawakilishi lina wilaya 99 na kila mwakilishi anakaa miaka miwili. Seneti ina wilaya 33, kila seneta miaka minne, na wilaya moja ya Seneti ni wilaya tatu za Baraza zilizounganishwa. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 5,893,718. Gawanya kwa 99, kila wilaya ya Baraza inapaswa kuwa na watu kama 59,500. Tangu uamuzi wa Reynolds v. Sims wa 1964, mabunge ya majimbo yanalazimika kuwa na wilaya zinazokaribiana kwa idadi ya watu, na wengi wanadhani haki imeishia hapo. Haikuishia hapo. Unaweza kuzilinganisha wilaya mpaka mtu wa mwisho na bado ukajua mshindi kabla karatasi ya kwanza haijatumbukia kwenye sanduku.

Fanyeni hesabu hii. Chukua wapiga kura 500, wilaya tano, kila moja watu 100. Bluu wako 260, nyekundu 240. Mchoraji anawarundika bluu 63 katika wilaya moja na 62 katika nyingine. Waliobaki 135 anawatawanya 45, 45 na 45. Bluu wanashinda wilaya mbili kwa kishindo, nyekundu wanachukua tatu kwa 55 kwa 45. Wenye kura nyingi wametoka na viti viwili, wenye kura chache vitatu. Hakuna kura iliyoibwa, hakuna sanduku lililobebwa usiku, na hakuna mwangalizi atakayeona kosa kituoni, kwa sababu kazi ilimalizika kwenye kompyuta mwaka mzima kabla.

Ndivyo ilivyofanyika 2011, mipaka ilipochorwa upya baada ya sensa. Wabunge wa Republican waliitwa mmoja mmoja kwenye ofisi ya mawakili mkabala na jengo la Bunge, Madison, wakasaini hati za kutunza siri, kila mmoja akaonyeshwa wilaya yake tu. Kila rasimu ilikuwa imepimwa kwa matokeo ya chaguzi zilizopita ili kuona inaleta viti vingapi. Gavana Scott Walker akatia saini Agosti 2011. Mwaka 2012 chama chake kikapata takriban asilimia 48.6 ya kura za Baraza na viti 60 kati ya 99. Mwaka 2018 Mdemokrat Tony Evers akamshinda Walker mwenyewe, wagombea wa Democrat wa Baraza kwa jumla wakapata karibu asilimia 53, na wakaishia na viti 36.

Watetezi wa ramani hiyo wana jibu lao: Wademokrat wamejirundika wenyewe Milwaukee na Madison, jiografia ndiyo inayowaponza. Kuna kiasi cha ukweli hapo. Wilaya za katikati ya Madison zitatoka bluu, rangi ya Democrat, hata achore nani. Kuna pia wilaya ambazo chama kimoja hakisimamishi mgombea, na hilo linavuruga jumla ya kura za jimbo zima, kwa hiyo asilimia hizo zisomwe kwa uangalifu. Lakini hebu watuambie kuhusu Sheboygan. Ni mji wa watu karibu 50,000, unaingia mzima ndani ya wilaya moja na nafasi inabaki. Mwaka 2011 waliupasua katikati, nusu wilaya ya 26 na nusu ya 27, kila nusu ikazungushiwa vijiji vya kutosha kuimeza. Viti vyote viwili vikaenda Republican. Ramani mpya ya 2024 ilipouunganisha mji, wilaya ya 26 ikachagua Mdemokrat Novemba hiyo hiyo.

Na jimbo zima? Kabla ya Novemba 2024 Baraza lilikuwa Republican 64 kwa Democrat 35. Baada yake likawa 54 kwa 45, katika uchaguzi ambao Donald Trump alishinda Wisconsin. Milwaukee haikuhama. Madison haikuhama. Kilichohama ni mistari.

Matokeo ya wilaya za uhakika si nadharia. Mei 2021 gavana aliitisha kikao maalumu ili jimbo lipanue Medicaid, ile bima ya afya ya maskini, kwa fedha za serikali kuu. Nyumba zote mbili zilifungua na kufunga kikao chini ya dakika moja, bila mjadala wala kura. Mbunge mwenye wilaya yenye ushindani hathubutu. Mbunge ambaye Novemba haimtishi anaogopa mchujo wa ndani ya chama wa Agosti peke yake, ambako wapiga kura ni wachache na wenye msimamo mkali ndio wanaojitokeza.

Mahakama nazo zimetuchosha. Majaji wa shirikisho waliibatilisha ramani ya 2011 mwezi Novemba 2016, wawili kwa mmoja. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani kwa jina la Gill v. Whitford, na Juni 2018 ikarudishwa chini: walalamikaji waonyeshe kwanza wameumizwa vipi kila mmoja katika wilaya yake. Whitford, mlalamikaji mwenye jina kwenye kesi, aliishi Madison, na wilaya yake ingekuwa ya Democrat kwa ramani yoyote. Yaani madhara yako kwenye Bunge zima, lakini unaambiwa uyathibitishe mlangoni kwako. Juni 2019, katika Rucho v. Common Cause, majaji watano kwa wanne wakasema mahakama za shirikisho hazina kazi na uchoraji wa kichama hata kidogo. Wisconsin kwenyewe, Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua mwishoni mwa 2021 kwamba ramani mpya ibadilishe ile ya zamani kidogo iwezekanavyo. Fikirieni hilo. Ramani iliyochorwa kwa siri 2011 ikageuzwa msingi wa miaka kumi mingine.

Kilichoivunja mwishowe ni kifungu cha katiba ya jimbo kinachotaka kila wilaya iwe ardhi iliyoungana. Wilaya 50 kati ya 99 za Baraza, na 20 kati ya 33 za Seneti, zilikuwa na vipande vilivyokatika, vingi vikiwa visiwa vya miji iliyojiongezea ardhi. Desemba 22, 2023 mahakama hiyo, majaji wanne kwa watatu, ikazibatilisha. Februari 19, 2024 Evers akatia saini ramani mpya. Sasa sikilizeni vizuri, maana wengi walisherehekea bila kusoma: mahakama haikusema uchoraji wa kichama ni haramu. Ilisema wilaya ziungane. Mchoraji hodari anaweza kuunganisha kila kipande na bado akapora.

Kuna dhuluma nyingine isiyosemwa kabisa. Seneti haichaguliwi yote kwa pamoja. Wilaya za namba shufwa hupiga kura mwaka wa rais, za namba witiri mwaka wa gavana. Mtu aliyekuwa wilaya shufwa alimpigia kura seneta 2020. Ramani ya 2024 ikimhamishia wilaya witiri, zamu yake ni Novemba 2026. Miaka sita bila kumchagua seneta wa jimbo, na hakuna barua ya kumweleza kwa nini. Anafika kituoni 2024, hakuti kiti cha Seneti kwenye karatasi, anadhani imekosewa.

Sasa jamii yetu. Wilaya hupimwa kwa watu wote waliohesabiwa, wakiwemo watoto na wasio raia. Kwa hiyo familia za Kikongo zilizoletwa kama wakimbizi Milwaukee na bonde la Mto Fox zinajaza idadi ya wilaya tangu siku ya sensa, ilhali hazipigi kura mpaka ziapishwe uraia. Wafungwa ni vivyo hivyo: sensa inawahesabu walikofungwa, kwa mfano Waupun, si mtaani kwao Milwaukee, na aliyehukumiwa kwa kosa kubwa hapigi kura Wisconsin mpaka amalize kifungo na kipindi chote cha uangalizi. Mwili wake unampa uzito mwakilishi asiyemjua. Familia isiyojaza fomu ya sensa kwa kuogopa serikali inaupunguzia mtaa wake uwakilishi kwa miaka kumi.

Kenya, Katiba ya 2010, ibara ya 89, imekabidhi mipaka ya maeneo bunge 290 kwa tume ya uchaguzi, IEBC, ikaweka viwango: tofauti isizidi asilimia 40 kwa miji na maeneo yenye watu wachache, 30 kwingineko. Malalamiko yapo, tena mengi, lakini mbunge mwenyewe hashiki kalamu. Michigan, jirani wa Wisconsin, wananchi walipitisha kwa kura 2018 tume ya watu 13 wanaopatikana kwa bahati nasibu: wanne Democrat, wanne Republican, watano wasio na chama. Nayo haikuwa safi. Desemba 2023 mahakama ya shirikisho ilibatilisha wilaya 13 za eneo la Detroit kwa kuchorwa kwa kigezo cha rangi. Zikachorwa upya. Angalau kuna wa kumshtaki asiyejichorea kiti chake mwenyewe.

Wisconsin njia hiyo imefungwa. Wananchi hawaruhusiwi kukusanya sahihi na kupeleka sheria ya jimbo kwenye kura. Kubadili katiba kunahitaji mabunge mawili mfululizo yakubali, ndipo wananchi waulizwe. Zaidi ya kaunti 50 kati ya 72 zimetaka uchoraji usio wa kichama, na maazimio hayo hayamfungi mtu. Matokeo ya sensa ya 2030 yakitoka, watakaochora ni wabunge watakaokuwa wamekaa kwenye viti wakati huo.

Kwa hiyo walioko huko, kazi iko hapa. Ingia tovuti ya MyVote Wisconsin, andika anwani yako, soma namba ya wilaya ya Baraza na ya Seneti. Usitegemee namba ya kabla ya 2024. Kama umehama, unatakiwa uwe umekaa hapo siku 28 kabla ya uchaguzi. Kujiandikisha siku yenyewe ya kura kunaruhusiwa, lakini uwe na uthibitisho wa makazi na kitambulisho chenye picha, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Wengi wanarudishwa kwa kubeba kimoja. Mchujo ni Jumanne ya pili ya Agosti. Karatasi inaonyesha vyama vyote, nawe unachagua ndani ya chama kimoja tu. Ukichanganya vyama bila kuonyesha ulichochagua, kura zako za vyama hazihesabiwi.

Na mgombea wa Baraza anahitaji sahihi 200 hadi 400 za watu wa wilaya yake, wa Seneti 400 hadi 800, kati ya Aprili 15 na Juni 1. Ndio wakati pekee anapokuja mlangoni akiwa na shida nawe. Kabla hujashika kalamu yake muulize: utapiga kura ya kubadili katiba ili wabunge wavuliwe uchoraji wa mipaka, ndiyo au hapana? Akijibu kwa hotuba, mrudishie karatasi yake.