Tuna pesa ya hadubini moja: tununue ya kidijitali yenye akili mnemba au ya kawaida?

Mtabibu wa Pangani

Wadau, habari za leo. Naomba ushauri kwa wanaozijua hadubini kwa kuzishika, si kwa kuzisoma kwenye matangazo.

Nafanya kazi kituo cha afya wilayani Pangani. Hadubini yetu ni ya zamani, ile ya balbu ya halojeni. Balbu ikiungua tunasubiri mtu aende Tanga mjini. Umeme ukikatika mteknolojia wetu anabaki na slaidi (kijioo chenye sampuli) mkononi na wagonjwa kwenye benchi. Lenzi ya mia, ile inayokuza mara 100, nayo imeanza kuota ukungu kwa ndani.

Kaka yangu yuko Muscat. Yeye na wenzake wa huku nyumbani wamechanga, wanataka kutununulia kifaa kimoja cha maana. Ametuma picha za vitatu: hadubini ya kidijitali yenye skrini na programu ya akili mnemba ya kuhesabu vimelea vya malaria, lenzi ya kubandika kwenye simu, ambayo bei yake ni ndogo kiasi kwamba tungepata nyingi, na hadubini ya kawaida ya macho mawili, ya taa ya LED. Yeye anavutiwa na ile ya kwanza. Pesa ikibaki anataka kuongeza vipimo vya oksijeni vya kidole.

Hapa tunasoma malaria, kichocho, minyoo na makohozi. Mngekuwa ninyi mngechukua ipi?

Bi Maabara

Mtabibu, salaam, na mpe kaka yako shukrani zetu, maana wengi wakichanga wanakumbuka magodoro na kuisahau maabara.

Kabla ya bei na kabla ya skrini, kaa na mteknolojia wako mjibu swali moja: mnataka kuona kitu cha ukubwa gani? Chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 hivi (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita). Kimelea cha malaria kikiwa bado kichanga, tunachokiita pete, ni kama mikromita 2, na ndani ya pete hiyo lazima uitofautishe nukta nyekundu ya kiini na utepe wa buluu wa pete yenyewe. Yai la kichocho cha mkojo lina urefu unaozidi mikromita 110, na mwiba wake wa mwisho unaonekana hata kwa lenzi ndogo. Hayo ni mahitaji mawili tofauti kabisa, na muuzaji anayekwambia kifaa chake kinayamaliza yote, mwombe akuonyeshe slaidi.

Matangazo yanapenda kusema "inakuza mara 2000". Waachie. Wewe soma ubavuni mwa lenzi. Lenzi nzuri ya mafuta (ya mia, inayogusa tone la mafuta juu ya slaidi) imeandikwa 100/1.25, na hiyo 1.25, yaani uwezo wake wa kukusanya mwanga, ndiyo unayoilipia. Ernst Abbe, mwanafizikia wa Ujerumani, alieleza mwaka 1873 kwamba mwanga wenyewe una mpaka. Chukua mwanga wa kijani wenye urefu wa wimbi wa nanomita 550 (nanomita ni sehemu ya elfu ya mikromita), ugawanye kwa mara mbili ya 1.25, unapata nanomita 220. Nukta mbili zilizokaribiana kuliko hapo utaziona moja, hata ukizikuza zikajaa ukuta mzima. Kwa lenzi hiyo kukuza mara 1000 (mia ya lenzi mara kumi ya kioo cha jicho) kunatosha; ukienda 2000 unapanua tu picha ileile isiyo wazi. Wapo walioupita mpaka huo wa Abbe: Betzig, Hell na Moerner, wakapewa Nobel ya kemia mwaka 2014. Ila mashine za namna hiyo zinataka leza na chumba chake maalumu, na kazi yake ni utafiti.

Sasa zile lenzi za simu. Foldscope, hadubini ya karatasi ya Manu Prakash na wenzake wa Stanford, ilielezwa mwaka 2014: lenzi yake ni kibonge kidogo cha kioo, na ile inayouzwa inakuza mara 140 na kutenganisha mpaka mikromita 2 hivi. Kwa wanafunzi naipenda kwa moyo wote, mtoto aliyeona mguu wa nzi kwa jicho lake hasahau. Lakini pete nzima ya malaria inaishia pale pale uwezo wake unapoishia. Usimpe mgonjwa jibu la malaria kwa kifaa cha aina hiyo.

Hiyo haina maana kwamba simu haifai kwa tiba. Mfano ninaoupenda kuliko yote umetoka Cameroon. Kuna minyoo iitwayo Loa loa ambayo watoto wake huogelea kwenye damu, na mtu mwenye wengi sana akipewa ivermectin, dawa ya usubi (upofu wa mtoni), anaweza kuumia ubongo, hata kufa. Kwa hiyo kampeni za kugawa dawa zilikwama maeneo hayo. Kundi la Daniel Fletcher wa Berkeley likatengeneza kifaa cha simu, LoaScope. Tone la damu ya kidole linaingia kwenye kijimrija bapa, simu inapiga video, na programu haitafuti umbo la mnyoo hata kidogo. Inatafuta damu inayotikisika! Mnyoo akijipinda anazisukuma chembe nyekundu, na mtikisiko huo unahesabika bila rangi yoyote. Mwaka 2015 walikwenda nacho wilaya ya Okola, wakapima watu, waliozidi kiwango cha hatari wakawekwa pembeni, na zaidi ya 15,000 wakatibiwa bila madhara makubwa ya neva. Matokeo yakachapishwa 2017. Ona walivyofikiri: walianza na mnyoo, wakajua ni mkubwa na anatembea, ndipo wakachagua lenzi ndogo inayomtosha. Ndivyo nanyi mchague.

Turudi Pangani. Ningechukua ya tatu, ya macho mawili yenye LED, na nitakwambia kwa nini sioni hapo kama mnarudi nyuma. Kwenye hadubini za kazi yetu, kilichobadilika sana miaka hii ni taa. Balbu ya halojeni inakula wati 20 na kutoa joto; LED inatosheka na wati 1 hadi 3, inakaa makumi ya maelfu ya saa, na inawaka kwa betri au sola ndogo. Siku umeme ukikatika mnaendelea kusoma. Na ikiwa pesa inaruhusu, ichukueni yenye LED ya buluu kwa ajili ya makohozi. Zamani kusoma TB (kifua kikuu) kwenye makohozi kwa rangi ya auramini, inayong'aa, kulitaka taa ya zebaki inayokufa baada ya saa mia chache, ghali, tena chumba cha giza, kwa hiyo ilibaki hospitali kubwa. Wazaliwa watatu wa Japani, Akasaki, Amano na Nakamura, wakaleta LED ya buluu (Nobel ya fizikia, 2014 pia), na mwaka 2011 WHO ikapendekeza LED ichukue nafasi ya zebaki na, hatua kwa hatua, nafasi ya Ziehl-Neelsen, ile rangi ya kawaida ya TB, pia. Bakteria wanang'aa kijani-njano kwenye giza, unawasoma kwa lenzi ya 20 au 40 bila mafuta, eneo linaloonekana ni kubwa na kazi inakwenda haraka. Hata GeneXpert ya hospitalini, mashine inayotafuta vinasaba vya TB, ukiifungua, mwisho wake ni jicho linalosoma rangi zinazong'aa.

Kuhusu akili mnemba. Programu inasoma picha, na picha inatoka kwenye slaidi. Tone nene la damu likipakwa vibaya, Giemsa (rangi ya kuonyesha vimelea) ikiacha mashapo, bafa (maji ya kuchanganyia rangi hiyo) ikitoka kwenye pH 7.2, programu haina cha kusoma. WHO inataka fildi, yaani maeneo unayoyaona kwenye lenzi kwa mara moja, zisizopungua 100 zisomwe kwenye tone nene kabla ya kuandika hasi. Mashine itakusaidia kutochoka kwenye fildi ya 80, na hilo ni jambo kubwa. Lakini ikikorofisha, nani ataifungua hapo Pangani? Leseni ya programu ikiisha, nani analipa? Nunueni hadubini yenye tundu la tatu juu, la kamera. Mwanzo liacheni tupu. Baadaye mkipata kamera mtatuma picha hospitali ya mkoa kuomba jicho la pili, na programu nzuri ikija mtaiunganisha papo hapo.

Kijana wa Printa, Dar

Bi Maabara umeeleza vizuri sana, mama. Naongeza kuhusu OpenFlexure kwa sababu sijaona mtu ameitaja. Ni hadubini inayochapwa kwa printa ya 3D, michoro yake ni ya bure kwa kila mtu. Ilianzia Cambridge na Bath kwa akina Richard Bowman, na Tanzania tumo tangu mapema: taasisi ya afya ya Ifakara wameitumia kwenye malaria, na vijana wa STICLab hapa Dar wameitengeneza kwa mikono yao.

Ufundi wake uko kwenye plastiki. Meza ya slaidi haiteleзi juu ya reli, inakaa juu ya miguu myembamba ya plastiki inayopinda. Mota ndogo zinavuta, plastiki inajikunja, na slaidi inasogea kwa hatua za chini ya mikromita moja. Meza yenyewe haina reli ya kusagika kwa vumbi. Ndani kuna kompyuta ndogo ya Raspberry Pi na kamera yake, na lenzi ni ileile ya kawaida ya 100/1.25 ya mafuta. Yaani pale penye kazi ngumu hawakubana matumizi. Inatembeza slaidi yenyewe na kupiga picha fildi baada ya fildi. Mguu ukivunjika unachapa mwingine.

Mtabibu angesubiri hiyo kidogo?

Bi Maabara

Mwanangu, hiyo kazi naifuatilia na inanipa furaha ya kweli, kwa sababu kifaa kinachotengenezwa Dar kitapata fundi Dar. Lakini Mtabibu ana benchi la wagonjwa kesho asubuhi. Kifaa cha kutoa majibu ya mgonjwa kinahitaji kusajiliwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kama kifaa tiba, na aliyekitengeneza lazima aweze kuthibitisha kwamba cha kumi ni sawa na cha kwanza. Kwa chuo, kwa mafunzo, kwa utafiti, jengeni nyingi, na mkiwa na nafasi mwalikeni mteknolojia wa Pangani aje ajifunze.

Nesi wa Mvita

Hamjambo jamaa. Mimi niko Mombasa, chumba cha upasuaji. Nimeona ndugu wa Muscat anataka kuongeza vipimo vya oksijeni vya kidole. Vizuri sana, ila hicho nacho ni kifaa cha mwanga, kina masharti yake.

Takuo Aoyagi wa Japani ndiye aliyeupata msingi wake mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kinapitisha mwanga mwekundu wa nanomita 660 na wa infraredi wa 940, kisha kinalinganisha damu imenyonya kiasi gani cha kila mmoja. Rangi ya ngozi nayo inanyonya. Desemba 2020 madaktari wa Michigan walichapisha hesabu: wagonjwa ambao kipimo kiliwaonyesha 92 hadi 96, damu ya ateri ilipopimwa yenyewe, waliokutwa kumbe wako chini ya 88 walikuwa asilimia 11.7 kwa Weusi na 3.6 kwa Wazungu. Sisi karibu wagonjwa wetu wote ni weusi. Kwa hiyo 93 ya mtu anayehema kwa shida, mimi siiamini peke yake. Namtazama kifua, nahesabu pumzi, narudia kipimo, namwita daktari.

Na huku pwani kuna hili la bibi harusi na wageni wake. Hina nyekundu haisumbui sana, lakini piko nyeusi kwenye ncha za vidole inaweza kuuzuia mwanga mpaka kipimo kisisome kabisa. Tafuta kidole kisichopakwa, au kidole cha mguu, au tumia klipu ya ndewe ya sikio. Mwambie kaka asinunue vile vya madukani vilivyoandikwa ni vya mazoezi. Achukue vya tiba, na kimoja kiwe na klipu ya watoto wachanga.

Mtabibu wa Pangani

Nawashukuru nyote kutoka moyoni. Nimemsomea kaka kwa simu, amekubali ya LED yenye tundu la kamera, na ameuliza habari ya buluu kwa makohozi. Maswali mawili ya mwisho kwa Bi Maabara. Ukungu kwenye lenzi tunauzuia vipi na hali hii ya hewa ya bahari? Na je, nikipata lenzi ya mia mpya, naweza kuifunga kwenye hadubini yetu ya zamani ili tuwe na mbili?

Bi Maabara

Ukungu unataka unyevu, giza na hewa iliyotulia, na kabati la mbao lililofungwa linaupa vyote. Weka hadubini kwenye kabati lenye balbu ndogo inayowaka muda wote chini yake, au kwenye sanduku linaloziba vizuri lenye silika jeli (chembe zinazonyonya unyevu), na silika ikibadilika rangi ikaushe kwenye oveni irudishe. Usiifunike na mfuko wa plastiki ikiwa bado ina joto la kazi. Mafuta yafutwe kila jioni kwa karatasi ya lenzi, kwa mkono mwepesi. Zailini, kile kimiminika cha kusafishia mafuta, isiguse lenzi mara kwa mara, inalegeza gundi iliyoshika vioo ndani. Ukungu ukishaingia ndani, lenzi hiyo mpe fundi au itoe kabisa, isikae kabati moja na mpya.

Lenzi ya akiba inawezekana, kwa sharti moja. Lenzi yenu ya zamani inaelekea kuwa imeandikwa 160/0.17. Hiyo 160 ni urefu wa mrija wa hadubini kwa milimita, na 0.17 ni unene wa kioo cha kufunikia slaidi. Hadubini nyingi za sasa zina lenzi zenye alama ya ∞ mahali pa 160. Uzi wake unaweza kuingia vizuri kabisa, ukadhani mambo yamekaa sawa, lakini picha itaharibika kwa sababu kioo kimekokotolewa kwa mrija mwingine. Kwa hiyo ya zamani itafutiwe ya 160, na ile mpya inunuliwe pamoja na lenzi yake ya mia ya akiba siku hiyohiyo, kwa muuzaji huyohuyo. Kaka akifika dukani apige picha ya maandishi ya ubavuni mwa kila lenzi, na ya plagi na chaja, aniwekee hapa kabla hajalipa.