Mtambo wa pairolisisi (kupika taka bila hewa): muuzaji anasema unakula taka zote za sumu, ni kweli?

Mpambanaji_Moro

Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri wa wanaojua haya mambo kabla sijatoa hela ya watu. Mimi na shemeji yangu tuna eneo nje kidogo ya Morogoro, tunataka tuanzishe biashara ya kuteketeza taka hatarishi. Tumepata muuzaji wa mtambo toka China, ule wa tangi kubwa linalozunguka, unajaza mzigo unafunga mlango unapasha moto kwa nje, anasema hauchomi ila unapika bila hewa kwahiyo hakuna moshi kabisa. Anadai unakula matairi, plastiki, oili chafu za gereji, taka za hospitali, dawa zilizoexpaya mpaka viuatilifu vya shambani, na vyote vinatoka mafuta ya kuuza. Nikamuuliza joto akasema 450 hivi, ila kwenye brosha kaandika pairolisisi ya joto kali. Kuna hospitali tumeongea nazo ziko tayari kulipa kwa kilo, ndo maana tumenogewa. Hii kitu ipo au napigwa?

FundiBoila

Hujapigwa bado mkuu ila uko kwenye foleni 😂

Nimewahi kufanya kazi kwenye mtambo wa matairi wa aina hiyohiyo, sitaji wapi. Kwa matairi unafanya kazi, hilo nisikudanganye. Tairi likipikwa kuanzia nyuzi 400 mpaka 500 na kitu unapata mafuta kama asilimia 40 ya uzito, masizi theluthi hivi, waya asilimia 10 mpaka 15, inayobaki ni gesi na hiyo gesi unairudisha chini ya tangi ikapike, yaani unaanza na kuni au mafuta halafu mbele ya safari mzigo unajipikia wenyewe. Kanuni ni ileile ya tanuri la mkaa, unanyima hewa.

Sasa hayo mafuta anayosema ya kuuza siyo dizeli, asikudanganye mtu. Yananuka balaa, salfa yake inaweza kufika asilimia 1 wakati dizeli ya sheli siku hizi ni sehemu 50 kwa milioni, na yanawahi kushika moto kuliko dizeli kwa hiyo kuyahifadhi kwenye mapipa juani ni kujitafutia kesi. Wateja wako ni wenye maboila na viwanda vya nondo, basi. Ukiyauza barabarani kwa wenye malori EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, watakufuata.

Na hatari kubwa siyo wakati linapika, ni wakati wa kufungua. Bosi anataka mzigo mwingine uingie haraka, tangi halijapoa, mlango unafunguliwa, hewa inakutana na gesi iliyobaki na yale masizi ya moto, unajua kinachofuata. Muulize muuzaji kama kuna mfumo wa kupuliza naitrojeni (gesi isiyowaka) kabla ya kufungua. Akianza kukuzungusha hapo ujue haupo.

DadaAfyaMazingira

Niongezee kwenye hizo taka za hospitali maana ndo kazi yangu, na naona hapo ndo unakwenda kuumia.

Nyuzi 450 siyo joto kali, hiyo ni ya chini kabisa kwenye haya mambo. Tofauti yake siyo ya jina. Ukipika kitu bila hewa hukiteketezi, unakivunja kinakuwa gesi na mafuta, sumu inaweza ikahama tu toka kwenye mfuko ikaingia kwenye mafuta yako. Ili useme umeteketeza lazima ile gesi ipelekwe chemba ya pili ichomwe na hewa ya kutosha. Ulaya sheria yao inataka nyuzi 850 kwa sekunde 2, na kama ni taka hatarishi yenye klorini kupita asilimia 1 inapanda mpaka 1100. Swali la kumuuliza ni moja: gesi yako inachomwa wapi na kwa nyuzi ngapi? Akikujibu inarudi kupasha tangi basi hana chemba ya pili.

Klorini nairudia kwa sababu hospitali imejaa PVC, ile plastiki yenye klorini, mipira ya dripu, mifuko ya damu, mirija. Ikipikwa inatoa asidi, inakula kondensa (kile kipozeo kinachogeuza gesi kuwa mafuta) na kuta za tangi hata kabla hujarudisha mtaji. Halafu kuna dayoksini, sumu kali zinazoweza kuleta saratani. Hizi zinakuja kujiunda tena moshi ukiwa unapoa taratibu kati ya nyuzi 450 na 200, ndo maana mitambo ya maana inaupoza moshi ghafla kwa maji, unaoshwa, unapitishwa kwenye chujio la kaboni. Hiyo sehemu ya kusafisha moshi inaweza kula hela nyingi kuliko tangi lenyewe na ndo hiyo muuzaji haigusi kabisa.

Zebaki nayo, kipimajoto kikivunjika kikaingia humo au tyubulaiti, inachemka nyuzi 357, inaruka yote. Metali hakuna joto la kuimaliza, inahama tu.

Pairolisisi ya joto kali ya kweli ipo. Taasisi ya utafiti wa plazma ya India kule Gandhinagar wametengeneza ya taka za hospitali, ile cheche ya umeme inafika maelfu ya nyuzi, na bado gesi inayotoka inachomwa na kuoshwa. Ila piga hesabu ya umeme kwanza, na siku umeme ukikatika katikati ya mzigo utafanyaje.

kijana_wa_kinondoni

hayo mafuta tu yasije yakaishia kwenye chips zetu 🙏

MzeeWaMlandizi

Unacheka kijana lakini Kenya mafuta ya transfoma yalikuwa yanaibwa yanauzwa kukaangia. Transfoma za zamani nyingine zina PCB, kemikali ya sumu yenye klorini, na mkataba wa kimataifa wa Stockholm wa kemikali sumu umesema zitoke kwenye matumizi ifikapo 2025 na ziwe zimeteketezwa kwa usalama ifikapo 2028. Kwahiyo huyu bwana akianza kupokea oili chafu bila kupima ataletewa na hizo, mtu anachanganya na ya gereji unajuaje?

Kuhusu viuatilifu naomba kabisa uviache. Sisi wa Pwani tunaikumbuka Vikuge pale Kibaha, mwaka 1986 zililetwa za msaada toka Ugiriki, nyingine zimeshapitwa na muda, DDT ikiwemo, ghala likaja kuanguka zikabaki wazi zinanyeshewa. Zilikuja kuondolewa lakini watafiti walivyopima udongo baadaye bado wakaikuta sumu nyingi. DDT nayo imejaa klorini, dada hapo juu kashaeleza.

mkaazi_wa_Likoni

Sasa wadau. Hapa kwetu Mombasa njia ambayo imefanya kazi ni tanuri la simiti, Bamburi wamewahi kutumia tairi kuukuu kama fueli. Ukiangalia ina maana, mawe humo ndani yanafika kama 1450 na ule moto wenyewe karibu 2000, gesi inakaa humo sekunde kadhaa, chokaa inakula ile asidi, na jivu linaingia kwa simiti hakuna kitu cha kwenda kutupa. Nyinyi huko Tanzania mna viwanda vya simiti Tanga, Wazo, Mbeya. Kwa nini usiwe mkusanyaji tu? Unakusanya, unapanga, unakata, wao wanachoma. Mtaji mdogo na NEMC, wale wa baraza la mazingira, hawatakuja kulala kwako.

Mpambanaji_Moro

Asanteni sana wakuu, shemeji kasoma hapa kanuna 😅. Je nikiacha hospitali na madawa nikabaki na matairi peke yake na oili ya gereji? Muuzaji anasema India ziko mamia na wanapata.

FundiBoila

India ziko ndiyo. Mwaka 2019 bodi yao ya kudhibiti uchafuzi ilihesabu mitambo ya matairi 637 kwenye majimbo 19, iliyokuwa inafuata taratibu 251, isiyofuata 270, mingine ishafungwa. Muuzaji anakutajia wanaopata, waliofungiwa hakutajii.

Matairi peke yake inawezekana ila oili nayo iache mpaka uwe na pa kupimia. Na mzigo usifikiri umelala barabarani unakusubiri, kuna wa makatambuga, kuna wa mipira ya spring, kuna wanaochoma usiku wauze waya. Tembelea yadi za malori na makampuni ya mabasi upate makubaliano ya maandishi, siyo "tutakupa broo". Masizi nayo usiyahesabu kama mapato, yanatoka machafu yana majivu na salfa, wa viwanda vya tairi hawayataki, wengi yanawajalia uwani.

Usilipe kabla hujaenda kuona unaofanya kazi na mzigo ULIOPELEKA WEWE, kaa hapo toka wanajaza mpaka wanafungua.

DadaAfyaMazingira

Na vibali anzia NEMC, tathmini ya athari kwa mazingira kwa sheria ya 2004 inakuja kabla ya kujenga siyo baada. OSHA wa usalama kazini, Mkemia Mkuu, na kama dawa zingekuwepo TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, lazima wasimamie. Peleka michoro ya mtambo mzima mpaka bomba la moshi, brosha peke yake watakurudisha.

Zile hospitali usizipoteze lakini. Taka zao nyingi za maambukizi hazihitaji kuchomwa, otoklevu (mashine ya mvuke wa shinikizo) ya nyuzi 134 inaua vimelea halafu unasaga, hakuna dayoksini. Ila dawa, kemikali na zile za saratani haziingii humo, na viungo vya mwili vina shimo lake. Mwambie shemeji anunue ugomvi mdogo kwanza.

kijana_wa_kinondoni

dada hiyo otoklevu ya kilo ngapi inafaa kuanzia, na mashine ya kusaga sindano inapatikana hapa bongo au mpaka kuagiza?