Mrejesho: ile harambee ya masista wa Kakuma

Wapendwa, nlikuja hapa kuuliza parokia yetu huku Likoni, Mombasa, tuwasaidie vipi masista wanaohudumia wakimbizi wa vita vya Sudan na Sudan Kusini kule kambi ya Kakuma, Turkana, nguo tushakusanya magunia saba. Mkaniambia nipige simu kwanza niulize wanataka nini. Nikapiga.

Sista mwenyewe akaniambia kwa upole mwanangu nguo tunazo, shida ni sodo za wasichana, sabuni, maziwa ya watoto, na leso, yaani kanga, maana leso mama atabebea mtoto, atajifunika, atalalia, na wengi wanafika na ile waliyovaa tu. Nlinyamaza kwenye simu, sikuwa na la kusema.

Basi tukazungumza na paroko, zile nguo tukauza pale nje ya kanisa Jumapili mbili mfululizo, majirani zetu Waislamu pia walikuja wakanunua na wengine wakatoa pesa bila kuchukua kitu, Mungu awabariki sana. Leso tukanunua za jumla Biashara Street. Kusafirisha ndo kulinitia wasiwasi, mwajua kutoka huku mpaka Turkana ni zaidi ya kilomita elfu moja, Nairobi, Kitale, Lodwar ndo ufike, sabuni na maziwa tukaona bora tutume pesa wanunue hukohuko.

Mzigo umefika juzi. Kila jumuiya sasa yatoa kidogo kila mwezi, maana kambi ipo tangu 1992 na vita vya Sudan tangu Aprili 2023 bado watu waja. Ahsanteni sana mlionijibu.