Naombeni msaada wa vina na mizani, shairi la safari yangu ya kwanza ya ndege

MgombaMachame:
Wakuu habari za jioni. Mimi ni mtu wa Machame, nakaa Moshi mjini. Mwezi uliopita nimepanda ndege kwa mara ya kwanza, kutoka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kwenda Dar, asubuhi na mapema. Miaka yote nilikuwa naziona zinapita juu ya shamba la bibi mi niko chini na jembe, sasa siku hiyo niko juu naangalia shamba, aisee sijui hata nisemeje. Tangu siku hiyo nataka kuandika shairi halikai. Nimefika hapa:

Nilipopanda ndege, nikaona mlima
Kibo kama mzee kitini, amekaa kwa heshima
Migomba ya kwetu chini, imesimama
Furaha tele moyoni, kuishi ni jambo jema

Nikilisoma kwa sauti linachechemea. Shida iko wapi?

FundiVina:
Dada hongera, hapo kwenye Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, umenikamata kabisa. Shida ni mizani, yaani idadi ya silabi. Tarbia, shairi la mistari minne kila ubeti kama hili lako, kwa kawaida kila mstari una mizani 16, nane kabla ya koma na nane baada yake. Wako wa kwanza ni saba na saba, hesabu kwa vidole, ni-li-po-pa-nda-nde-ge. Halafu kina chako cha kati, silabi ya mwisho kabla ya koma, ni "ni" ila mstari wa kwanza unaishia "ge". Jaribu "Nilipopaa angani, nikauona mlima", na hiyo m ya mlima ihesabu ni mizani moja peke yake. Mstari wa pili toa "kama" tu, "Kibo mzee kitini", tayari nane, na ni tamu zaidi maana sasa Kibo hafanani na mzee, ni mzee mwenyewe.

NgarenaroJuu:
Mi naona mnambana bure dada wa watu. Mshairi Kezilahabi alishaandika mashairi huru, yasiyofuata vina na mizani, tangu miaka ya 1970 na tunayasoma mpaka leo. Aandike linavyomtoka.

FundiVina:
Sawa mkuu, ila yeye mwenyewe kaomba vina.

KisongoAsubuhi:
Mi nafanya kazi kwenye vindege vidogo pale uwanja wa Kisongo, Arusha, kwa hiyo niongee ya macho tu, mambo ya vina nawaachia nyie. Dada bila shaka ulikaa kushoto, ukitoka KIA kwenda Dar mlima unakuwa upande huo, na uliondoka mapema, kwa sababu jua likishapanda ile hewa yenye unyevu inapanda na miteremko inageuka mawingu, saa nne saa tano Kibo kashajifunika. Sasa migomba. Ukiwa juu huioni imesimama, unaona majani tu yamelaliana. Hapo umeandika kwa macho ya mtu aliye shambani. Sema ulichokiona dirishani. Na kama ndege ilitikisika kidogo usikiache, mara nyingine ni hewa ya moto inapanda kutoka ardhini, hiyohiyo wanayoitumia tai na korongo kupanda juu bila kupiga bawa, mi kila nikiwaona wanazunguka pale juu naacha kazi naangalia kwanza.
Na huo mstari wa mwisho samahani, furaha moyoni kila mtu anaandika. Wewe ulifanya nini pale kwenye siti?

MgombaMachame:
Kaka umeniuliza kitu nilikuwa naona aibu kukisema. Nilicheka peke yangu kwa sauti na machozi yananitoka, mama mmoja wa makamo jirani yangu akawa ananiangalia tu, baadae akanipa kitambaa. Na kweli migomba haikuwa imesimama, ilikuwa kama ule mkeka wa mama anaoanikia maharage. Nimekaa nayo usiku kucha, korongo nawawekea ubeti wa pili:

Nilipopaa angani, nikauona mlima
Kibo mzee kitini, amekaa kwa heshima
Migomba ya kwetu chini, kama mkeka wa mama
Nacheka chozi machoni, jirani anatazama

FundiVina:
Nimehesabu mara mbili dada. Zimetimia zote. Lete ubeti wa korongo.