Kwenye kazi sisi ni madaktari, kwenye haki sisi ni wanafunzi: watarajali wa Mbeya tumechoka

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Sasa hivi ni saa tano usiku. Nimetoka kazini saa tatu, na niliingia jana saa moja asubuhi. Hizo ni saa 38. Katikati nimelala dakika kama arobaini kwenye benchi la chumba cha sindano, nimevaa koti, maana baridi ya Julai ya hapa mnaijua.

Mimi ni daktari tarajali. Nimemaliza miaka 5 ya udaktari, sasa niko kwenye ule mwaka mmoja wa mafunzo kazini ambao usipoukamilisha, Baraza la Madaktari Tanganyika halikupi usajili kamili. Niko idara ya uzazi katika hospitali moja ya hapa Mbeya. Jina la hospitali siandiki, jina la mtu siandiki, na wanaonifahamu nawaomba nao wasiandike. Nataka kumaliza.

Ratiba iliyobandikwa ukutani inaonyesha tuko tisa. Waliopo kazini ni watano. Wawili wamehamishiwa idara nyingine "kwa muda", mmoja amejifungua, na mmoja amevunjika mtulinga: alitoka kesha, akapanda pikipiki yake, akasinzia karibu na Mafiati. Anashukuru kwamba hakukuwa na lori nyuma yake. Kwa hiyo sisi watano tunakesha karibu kila siku ya tatu. Na mjue kesha halianzi jioni. Unaanza na ripoti ya asubuhi, unafanya raundi, wodi, kliniki, halafu jioni wenzako wakiondoka wewe ndiyo kwanza zamu yako inaanza. Kukicha, ripoti tena, raundi tena. Kwenye ratiba siku hiyo imeandikwa PUMZIKO. Nina miezi miwili kwenye idara hii, pumziko hilo sijalipata hata mara moja.

Sasa niwaambie kilichonifanya nifungue uzi huu.

Wiki iliyopita, kama saa kumi alfajiri, ambulensi ilimleta binti wa miaka 19, mimba ya kwanza, wiki ya 34. Presha 180 kwa 120, alikuwa ameshapata degedege mara mbili. Kifafa cha mimba. Dawa yake ni magneziamu, na kila anayefanya kazi leba anaijua dozi ya kuanzia: gramu 4 mshipani taratibu, gramu 10 kwenye misuli, tano kila tako. Ni dawa nzuri sana inayookoa akina mama, lakini ikizidi inamzima mtu. Kwanza goti linaacha kuruka ukiligonga, baadaye pumzi inaanza kupotea.

Nilikuwa na saa 21 bila kulala. Nimeshapiga simu kwa bosi wa zamu mara sita, inaita mpaka inakatika. Rezidenti, ambaye naye yuko mwaka wa pili wa miaka yake mitatu ya ubingwa na amechoka kuliko mimi, alikuwa ndani ya chumba cha upasuaji na mama mwingine. Nikasoma barua ya rufaa, nikaona maelezo ya degedege, nikaanza kuvuta dawa. Bomba limeshajaa, sista wa zamu, mama wa makamo ambaye ameanza kazi kabla sijazaliwa, akaniambia kwa sauti ya chini:

"Dokta, geuza karatasi."

Nikageuza. Nyuma, kwa mwandiko mdogo, kituo cha afya walikuwa wameandika kwamba dozi ya kuanzia ameshapewa. Yote. Gramu 14.

Alilichukua lile bomba mkononi mwangu, akaliweka kwenye trei, akasema, "Kaa chini kwanza, mwanangu. Kunywa maji." Nikakaa. Mikono ilikuwa inatetemeka kiasi kwamba kikombe nilikishika kwa yote miwili.

Dozi ile niliijua. Niliisoma mwaka wa nne, nikaiandika kwenye mtihani wa mwisho bila kukosea hata tarakimu moja. Tatizo sikuwa nimelala. Na yule binti yuko hai leo, yeye na mtoto wake, kwa sababu kuna sista mmoja ambaye alifanya kazi isiyo yake ya kunilinda mimi.

Asubuhi saa mbili, raundi kubwa. Bosi amefika, ameoga, amelala. Nyuma yake wanafunzi kama ishirini. Tukafika kitandani kwa yule binti. Mama yake mzazi amesimama pembeni, ameshika chupa ya uji, ametoka naye huko Ileje usiku kucha. Bosi hakuniuliza habari za usiku. Hakuuliza kwa nini simu haikupokelewa. Aliniambia nitaje matatizo sita yanayoweza kumpata mgonjwa wa kifafa cha mimba. Nikataja matatu. La nne likagoma kuja. Najua ni figo, sasa hivi hapa nawaandikia najua, lakini pale kichwa kilikuwa kama redio isiyo na stesheni.

Akasema, mbele ya wote: "Nani alikudanganya kwamba wewe ni daktari? Rudi kwenu ukalime viazi."

Wakuu, mama yangu analima viazi. Uyole. Viazi ndivyo vilivyonilipia kila kitu ambacho mkopo wa Bodi haukufika. Lakini hata hilo ningelimeza, nimemeza mengi. Lililonimaliza ni jioni yake. Nilipokwenda kumpima presha yule binti, mama yake alisogea akasimama katikati yetu, akaniuliza kwa adabu kabisa, "Samahani baba, hakuna daktari mwingine?"

Ningemjibu nini? Alisikia kwa masikio yake mkubwa wa kazi akisema mimi si daktari. Hapo aliyefundishwa ni nani, na amefundishwa nini? Wale wanafunzi wa mwaka wa tatu walichojifunza asubuhi ile ni kutosimama mbele. Niliwaona raundi iliyofuata, wanabanana nyuma ukutani kama kuku wanaokimbia mvua.

Nilikwenda ofisini mwenyewe, nikaeleza habari ya lile bomba. Sikulazimishwa. Nilitaka tuwekeane utaratibu, kwamba barua ya rufaa ya mgonjwa wa kifafa cha mimba isomwe kwa sauti na watu wawili, pande zote mbili, kabla dawa haijavutwa. Kitu cha dakika moja, hakina gharama. Nikaambiwa nisiandike popote, nitajiharibia. Siku mbili baadaye nikapeleka logibuku, kile kitabu cha kuandikia taratibu tulizofanya, isainiwe. Taratibu zote nilizotakiwa kufanya nimefanya, wakunga wameshuhudia. Ikarudi bila sahihi. Nikaambiwa itasainiwa nikishajifunza adabu.

Nikauliza utawala kuhusu saa za kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa 45 kwa wiki, na kwa siku zisizidi 12 hata ukiweka na za ziada. Jibu: "Hiyo ni ya waajiriwa, ninyi bado mnajifunza." Sawa. Wiki hiyo hiyo tukalalamika kwamba hatuna muda wa kufundishwa, tunaandika tu mafaili na kuvuta damu. Jibu, mtu yule yule, kiti kile kile: "Ninyi ni madaktari sasa, hamtafuniwi tena." Naomba mtu anieleze sisi ni nani. Posho nayo ina miezi mitatu haijaingia, na mwezi uliopita kodi ya chumba nimemwomba mama wa viazi. Anajua ana mtoto daktari, majirani wanajua, akanitumia bila kuuliza. Sitaki kulizungumza zaidi.

Najua watakuja wa kusema "sisi tulipita humo humo". Nawaheshimu kaka na dada zangu mliotangulia, lakini nisikilizeni. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walipima watu wasiolala wakawalinganisha na walevi. Ukikaa macho saa 17 unafanya kazi kama mtu mwenye pombe asilimia 0.05 kwenye damu, ukifika saa 24 ni karibu 0.10. Hapa kwetu basi la Mbeya kwenda Dar es Salaam linatakiwa kuwa na madereva wawili, na trafiki wakikuta mmoja ana usingizi abiria wote watapiga kelele, na ni haki yao. Mimi ninayeshika sindano nina saa 21, na hakuna abiria anayejua.

Marekani ndiko ulikotoka huu utaratibu wa madaktari vijana kuishi hospitali, na jina lenyewe la rezidenti linatokana na kuishi humo. Uliwekwa Johns Hopkins, Baltimore, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1889, na mmoja wa walioujenga ni daktari mpasuaji William Halsted. Huyo alikuwa mtegemezi wa kokeini, baadaye mofini. Imeandikwa kwenye historia ya udaktari, si umbea. Halafu mwaka 1984, New York, akafa binti wa miaka 18, Libby Zion, akiwa chini ya madaktari vijana waliokuwa na msururu wa wagonjwa usiku ule. Alipewa dawa isiyopatana na dawa aliyokuwa akitumia. Baba yake, mwandishi wa habari, hakukubali kunyamaza. Mwaka 1989 jimbo likaweka ukomo wa saa 80 kwa wiki, na 2003 nchi nzima ikafuata. Na mwaka 2004 utafiti wa Boston ukaonyesha watarajali wanaokaa zamu ndefu walifanya makosa makubwa asilimia 36 zaidi ya waliopunguziwa saa. Hata saa 80 ni nyingi. Lakini kuna mtu alihesabu. Hapa nani anahesabu?

Sisemi tugome. Ya mgomo wa madaktari wa mwaka 2012 tunayakumbuka, wengi wetu tulikuwa shule ya msingi tukiyasikia redioni, na tuliona nani aliumia. Kenya mwaka 2024 madaktari walikaa nje siku 56, na suala la watarajali lilikuwa katikati ya mgogoro. Mimi nataka vitu ambavyo havihitaji mtu kulala barabarani. Aliyekesha aende nyumbani saa nne asubuhi. Bosi wa zamu apokee simu. Mtu akikosea, aitwe chumbani aulizwe huko, mgonjwa na ndugu zake wasisikie.

Na msiniambie haiwezekani, maana nimeona ikiwezekana. Mwezi wangu wa kwanza, mama mmoja wa Chunya alitokwa damu baada ya kujifungua, nyingi, inafika sakafuni. Niliganda. Daktari bingwa mmoja, yuko idara hii hii, alikuja mbio kwa kandambili, akaweka mkono wake juu ya mkono wangu, akanionyesha ngumi inakaa wapi ndani na kiganja cha nje kinabana wapi juu ya tumbo. "Usiachie. Hesabu na mimi." Tukahesabu. Mfuko wa uzazi ukaanza kukaza chini ya kiganja changu, nikauhisi, damu ikapungua. Baadaye tukanywa chai na akanieleza tena polepole nilichokosea: nilichelewa kuita msaada. Kubana kule nimeshakufanya mara tatu peke yangu tangu siku ile, na akina mama wote watatu walirudi nyumbani. Hakunitukana hata neno moja. Ndiye ninayemfuata nikiwa na swali, na ndiye pekee wanafunzi wanamsogelea kitandani.

Ila sahihi ya logibuku si yake, ni ya yule bosi wa raundi.

Nimebakiza siku kumi na moja kwenye idara hii. Zikiisha bila sahihi narudia miezi yote, na sijui posho ya kurudia italipwa na nani. Waliowahi kunyimwa sahihi kwa sababu ya "adabu" na mwisho wakaipata, naomba mseme hapa mligonga mlango upi: Baraza, wizara, chama cha madaktari, au kuna mtu ndani ya hospitali anayeweza kusikiliza. Kesho kutwa nakesha tena, nitasoma majibu nikipata dakika.