"Gawanya kwa mbili, dogo. Kalale." Yule mjuaji wenu leo kanimaliza

Wakuu, nimetoka kutukanwa sasa hivi. Simtaji, mnamjua. Yule ambaye mtu akiandika neno "ndege" tu, keshafika hata uzi haujapoa.

Kuna mtu kauliza kwa heshima zake: F-16, ndege ya kivita ya Marekani, inaweza kwenda kupiga umbali gani ikarudi nyumbani? Mjuaji kaokota zile kilomita 4,200 za kuhamisha ndege tu toka kituo kimoja hadi kingine, matangi ya ziada ya mafuta ya nje yamejaa, bomu hata moja hamna, akatangaza inapiga kilomita 2,100. Nikamwambia taratibu, mkuu, hiyo si hesabu ya vita. Jibu lake: "Gawanya kwa mbili, dogo. Kalale."

Kalale! Mimi niliyeanza kusoma ndege yeye akiwa bado anatambaa!

Funga mabomu uone uzito na upepo vinavyoikaba ndege. Shuka chini kukwepa rada, hewa nzito, injini inakunywa kama ngamia aliyevuka jangwa. Washa afutabana, ile ya kumwaga mafuta kwenye moto wa nyuma ya injini uongeze kasi, mafuta yanakwisha ukiyatazama. Bado akiba ya kutua. Ikibeba mabomu manne, ikaenda juu, ikashuka kupiga, ikarudi juu, F-16 inapiga kama kilomita 550 na kurudi. Mia tano hamsini! Halafu mimi ndiye nikalale? Gawanya kwa mbili! Kwani rubani akifika anageuza kama basi stendi?

Bawa_la_Chuma: Wajerumani 1940 nao waligawanya hivyohivyo. Bf 109, ndege yao ya kivita, ikitoka Ufaransa ikafika London ilibaki na dakika kama 10 za kupigana, ukizidisha unadondoka baharini, unarudi kwa kuogelea.

Mleta uzi: ASANTE! Na dogo ni mimi!

Kunguru77: Pole mkuu, ila saa hizi hujalala tu? Hahahaa.

Mzee_wa_Rada: Kero yangu mimi ni wachora duara. Anachomeka bikari kwenye ramani, anazungusha duara la umbali wa ndege, basi vita kamaliza. 1986 ndege za mabomu F-111 za Marekani zilitoka Uingereza kwenda kupiga Libya, Ufaransa ikakataa anga lake, zikazungukia Gibraltar. Duara hilo linapita wapi?

Kifaru_2: Afadhali wewe. Mimi nawachukia wanaosahau ndege za mafuta. 1982, vita ya Falklands, ndege moja ya Uingereza aina ya Vulcan kutoka kisiwa cha Ascension kupiga uwanja wa ndege wa Stanley ilihitaji ndege 11 za mafuta aina ya Victor!

Kunguru77: Vulcan ni ya kudondosha mabomu. Hapa tunaongelea za kupigana angani, usichafue uzi.

Kifaru_2: Uzi wenyewe unahusu mtu kuambiwa akalale.

Mleta uzi: Na hajaomba radhi mpaka sasa!

Bawa_la_Chuma: Turudi kwenye matangi. Mustang, ndege ya kivita ya Marekani, isingefika Berlin 1944 bila matangi ya nje. Na mengine Waingereza waliyatengeneza kwa karatasi.

Mzee_wa_Rada: Karatasi? Acha kamba.

Bawa_la_Chuma: Karatasi na gundi, ikashindiliwa ikawa ngumu. Nyepesi, unaitupa, adui haokoti chuma cha bure.

Mleta uzi: Wakuu, mada ni ile kauli...

Kifaru_2: Gundi haikuyeyuka na petroli?

Bawa_la_Chuma: Ndiyo maana walijaza muda mfupi kabla ya kuruka. Yakikaa na mafuta saa kadhaa yanaanza kuvuja.

Kunguru77: Mwenye picha ya hilo tangi aitupie hapa.